Mkonge Wetu Wote ni wa Tumbo Moja

Jioni moja baada ya sala ya alasiri tulikuwa tumekaa barazani kwetu Takaungu, watu watano au sita hivi, na mazungumzo yalikuwa yale ya kila siku: bei ya samaki, harusi ya Ijumaa, na mvua iliyokataa kunyesha. Mimi, kwa kujitia ujuzi, nikasema kwamba mkonge ni mti wa Wazungu, kwamba uliletwa na Wajerumani, na kwamba kabla yao hapana Mswahili aliyejua kusokota kamba ya mkonge. Mzee mmoja, ambaye zamani alikuwa fundi wa korona katika mashamba ya mkonge huku Vipingo, akaweka chini kikombe chake cha kahawa, akaniangalia, akasema: "Mkonge upi, mwanangu?"

Nilidhani ananifanyia mzaha. Nikamjibu, "Mkonge ni mmoja, mzee wangu. Huo huo uliokukatia riziki yako."

"Basi wewe hujui kitu," akasema. "Na ule ulioung'oa wewe nyuma ya jiko la marehemu bibi yako, ukajengea tangi la maji, ule ulikuwa nini? Kitunguu?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu yalikuwa kweli. Nyuma ya jiko la bibi yangu, Mungu amrehemu, palikuwa na kichaka cha mmea wenye majani manene, magumu, yaliyosimama wima kama panga, yana madoa ya mistari ya kijani kilichokoza na kijani kilichofifia mfano wa ngozi ya chatu. Nilipokuwa mtoto nilimwona bibi akikata majani hayo, akiyaponda kwa mchi, akiyaparaza juu ya ubao mpaka nyama yake ikatoka na zikabaki singa nyeupe. Akizisokota pajani, zikawa kamba za kufungia kuni, za kutundikia nyungo, na babu akizitaka zile nyembamba kwa mshipi wa kuvulia. Miaka mingi baadaye, nilipotaka mahali pa kujenga tangi, nilimlipa kijana mmoja shilingi mia mbili aking'oe kichaka chote. Alimaliza kabla ya adhuhuri.

Yule mzee akanieleza kwamba huo ndio uliokuwa mkonge wa kwanza. Mswahili aliujua, Mmijikenda aliujua, na wawindaji wa bara waliutumia kwa upote wa pinde zao. Mmea wa Mjerumani ulipofika, watu wakaona jani nene lenye ncha ya kuchoma, wakaona singa nyeupe ndani yake, wakasema, "Ala, huu nao ni mkonge." Jina wakalitoa ghalani wakamvisha mgeni. Na neno letu la pili, katani, ni la zamani vile vile, limetoka kwa Waarabu, ambao kwao kattan ni kitani, ile nguo ya uzi wa mmea. Kwa hivyo jina lenyewe la mkonge, mgeni huyu aliazima. Mwenye jina tumemsahau.

Nilirudi nyumbani nimeingiwa na haya, na tangu siku hiyo jambo hili halikunitoka kichwani. Nilianza kusoma na kuulizauliza, na mwisho nikafunga safari, nikavuka Lungalunga na Horohoro, nikaenda hadi Tanga, ili nijue huyu mgeni aliyelisha nusu ya pwani yetu ni nani hasa na alikujaje. Niliyoyakuta yalinishangaza, na ndiyo ninayotaka kumsimulia msomaji.

Mkonge wa mashamba asili yake ni Mexico. Jina lake la Kizungu, sisal, ni jina la bandari moja ya Yucatán ambako singa zake zilikuwa zikipakiwa majahazini. Katika miaka ya 1830 Mmarekani mmoja aitwaye Henry Perrine, aliyekuwa balozi mdogo wa nchi yake huko Campeche, alipeleka miche Florida. Perrine mwenyewe aliuawa mwaka 1840 kisiwani Indian Key, mji ulipovamiwa na Waseminole. Mkonge wake ukabaki Florida, ukajiotea ovyo, na watu hawakuujali.

Hata mwaka 1893, bwana shamba mmoja wa Kijerumani, Dakta Richard Hindorf, aliyekuwa akitumikia kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki, aliagizia miche elfu moja kutoka Florida. Alikuwa amesoma habari za mkonge katika jarida la bustani ya Kew ya London, akaona kwamba ardhi kavu ya Tanga itaufaa. Miche ilipita Hamburg kwanza, na ilipofika huko ilikuwa imekufa mingi, imesalia kama mia mbili. Kutoka Hamburg ikapakiwa tena melini. Ilipoteremshwa Tanga iliyokuwa hai ilikuwa sitini na miwili.

Sitini na miwili, ndugu msomaji! Kule Tanga watu hupenda kusimulia kwamba Hindorf aliiiba miche hiyo na kuificha ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa, ili wenye nchi wasiione. Mzee mmoja wa Pangani aliponisimulia habari hiyo alinionyesha hata urefu wa mamba kwa mikono yake. Ni hadithi tamu, lakini miche ilinunuliwa Florida, mchana kweupe, na Florida haikuwa na sababu ya kuizuia.

Ile 62 ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mwaka 1898, miaka mitano tu baadaye, ilikwisha kuzaa miche 63,000. Kutoka hapo mkonge ukatapakaa: Tanga, Muheza, Korogwe, Morogoro, na mwanzoni mwa karne ya 20 ukaingia Kenya, ukafika hadi kwetu Vipingo na kule Mwatate katika nchi ya Wataita. Ukaleta reli, ukaleta makambi, ukaleta manamba waliotoka mbali kwa miguu na kwa malori, wakapewa kipande cha siku thelathini na zamu ya kukata matita tangu alfajiri. Mwaka 1964 Tanganyika peke yake ilitoa karibu tani 230,000 za katani, na hapana nchi duniani iliyoishinda. Watu wakauita dhahabu ya kijani. Aliyekata dhahabu hiyo, ambaye miba ilimtoboa jicho au korona ikamla vidole, huenda alikuwa na jina jingine la kuuita, lakini hilo halikuandikwa magazetini.

Jambo lililonishika ni hili. Mkonge hauzai kama mahindi au mkunde. Huishi miaka saba, minane, hata kumi na zaidi, ukitoa majani tu. Kisha siku moja hutoa mlingoti mrefu kuipita nyumba, ukachanua, ukafa. Unachanua mara moja tu maishani. Na maua yake aghalabu hayashiki mbegu. Badala ya mbegu, juu ya matawi ya mlingoti huota vitoto vidogo, vikonyo, mamia kwa mamia, vikaanguka chini na kushika mizizi. Kadhalika chini ya ardhi hutoa maotea kama mgomba. Kikonyo na oteo vyote ni nyama ya mama ile ile. Hakuna baba ndani yake. Kikonyo kilichoanguka leo Vipingo ndicho ule mche wa Hindorf, umejirudia tu.

Nilimwomba mwalimu mmoja wa sayansi, rafiki yangu, anieleze kwa nini mkonge hautoi mbegu. Akanipa mfano wa mirathi. Kila kiumbe, alisema, kina mafungu ya urithi ndani yake, na wengi wetu tuna mafungu mawili, moja la baba na moja la mama. Wakati wa kuzaa kila mzazi hugawa nusu. Lakini mkonge wa shamba una mafungu matano. Mwambie kadhi agawe ng'ombe watano kwa ndugu wawili sawa kwa sawa bila ya kuchinja, uone atafanyaje. Mmea nao hushindwa kugawa, na mbegu haipatikani.

Basi kutoka miche ile michache umetokea mkonge wa mamilioni, na wote ni wa tumbo moja. Aula ni kusema wote ni mmoja. Ugonjwa ukiujua mmoja, umeujua wote. Huko Korogwe katika miaka ya 1950 ulionekana ugonjwa wa madoa kwenye majani, ukapewa jina la mji huo, nao huharibu singa hata zikakosa bei. Huko Brazil, nchi ambayo leo inaongoza dunia kwa katani, katika jimbo la Bahia upo uozo mwekundu unaokula shina kwa ndani. Mkulima huona majani yamekuwa manjano, akiuvuta mmea unamfuata mkononi. Mkonge wa Bahia nao huenezwa kwa vikonyo na maotea, mama yule yule anarudiwa. Watu wa zamani walipopanda mpunga walichanganya namna tatu au nne katika konde moja, huu wa mapema, huu wa kustahimili jua, huu wa maji, na hawakuwa wajinga.

Kutoka Tanga nilipanda basi hadi Muheza, na kutoka Muheza gari jingine likanipandisha milima ya Usambara Mashariki hadi Amani. Ni njia ya kupindapinda, upande huu jabali na upande huu bonde, na baridi yake ilinifanya nijutie kanzu yangu nyepesi. Hapa Wajerumani walijenga kituo cha utafiti mwaka 1902, wakakusanya mimea kutoka kila pembe ya dunia: kwinini, kafuri, mpira, viungo vya kila aina. Waingereza wakakirithi, na baada ya Vita Vikuu vya Pili kazi ya ukulima ikahamishiwa kwetu Kenya, Muguga. Miti mingi bado iko, mirefu, imevaa kuvu, na mingine sasa imekuwa adui wa msitu.

Katika mimea ya Amani palikuwa na mkonge mmoja wa ajabu. Majani yake yalikuwa ya rangi ya samawati, marefu, hayana miba ya pembeni, na singa zake laini. Haujulikani ulitoka nchi gani. Mexico kwenyewe haujapata kuonekana porini. Mwaka 1933 wataalamu waliuandika na kuupa jina la Kilatini la Agave amaniensis, yaani mkonge wa Amani, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kuunasibisha. Ulikuwa kama yule mtoto aliyeokotwa mlangoni mwa msikiti, akaitwa kwa jina la mtaa.

Mtu mwenye haraka angeusema ni gugu tu. Lakini mafundi wa mbegu waliouona hapo katika miaka ya 1930 walikuwa na shida moja: walitaka kuuzalisha mkonge upya na mkonge wa shamba hauzai. Huu wa Amani ulikuwa na mafungu mawili ya urithi, kwa hivyo uliweza kuoana na mwingine. Wakauoza na mkonge mwembamba uitwao Agave angustifolia, ambao singa zake hazina thamani kubwa lakini hutoa majani mengi mno kabla ya kuchanua. Wakangoja watoto wakue. Kisha wakawarudisha watoto hao kwa mkonge wa Amani, wakangoja tena. Kazi hiyo ikaendelezwa Mlingano, kituo cha mkonge kilicho karibu na Ngomeni, kati ya Tanga na Muheza. Katika maelfu ya miche waliyoipanda na kuipa nambari, mmoja ulitokea ukawashinda wenziwe wote, nao ni nambari 11648.

Mkonge wa Hindorf hutoa majani kama 200 hadi 250 katika umri wake. Nambari 11648 hutoa majani zaidi ya 600. Mashamba mengi ya Tanzania yakaupanda, na mwaka 1963 ukavushwa bahari hadi China, ambako uliitwa Mashariki Namba Moja, na huko kusini ya nchi hiyo, Guangxi na Guangdong na Hainan, ndio uliogeuka kuwa mkonge wao. Yaani yule yatima wa Amani leo wajukuu wake wanasokotwa kamba Uchina. Nilipokuwa nimesimama Amani katika ukungu nilijiuliza, je, kama mtunza bustani mmoja miaka ile angetaka mahali pa kujenga tangi la maji?

Lakini hadithi haikwishia kwenye harusi. Nambari 11648 nao ukapandwa kwa vikonyo na maotea, eka kwa eka, mmoja uliojirudia. Katika miaka ya 1960 ukaanza kuonekana huko Tanzania ugonjwa unaotia majani mistari, mweusi na mweupe, mweusi na mweupe, ukaitwa ugonjwa wa punda milia. Ni ukungu unaotembea na maji ya mvua, unaruka kutoka udongoni hadi jani la chini, ukifika shinani mmea umekwenda. Mkonge wa Hindorf unaustahimili zaidi; huyu mwenye majani mia sita ndiye dhaifu wake. Na China, kwa kuwa walipanda huo karibu peke yake, ugonjwa huo umewatesa miaka nenda miaka rudi, na wadudu weupe mfano wa unga wakauongezea ugonjwa mwingine wa kukunja majani. Sasa wataalamu wao wanahangaika kutafuta mikonge mingine ya kuuchanganya nao.

Na hapo ndipo ulipo ugumu. Mbegu ya mpunga au ya mtama unaikausha, unaitia katika debe, unalifunga, ukilifungua baada ya miaka mingi inaota. Mkonge wa shamba huwezi kuutia debeni. Lazima uwe ardhini, upaliliwe, ubandikwe kibao cha nambari yake, na utakapotoa mlingoti uvipande vikonyo vyake mahali pake usije ukapotea. Ukikosa mshahara wa mpaliliaji miaka mitatu, nyasi zimekwisha kuumeza. Na ukitaka kuuzalisha upya, unangoja miaka kumi mmea uchanue, unauoza, unangoja tena miaka kumi uone mtoto ni wa namna gani. Fundi akianza kazi hii akiwa kijana wa miaka ishirini na mitano, mpaka anapostaafu ameona vizazi vitatu, vinne akibahatika. Mwenye kupanda hali na mwenye kula hajazaliwa.

Sasa fikiri ilivyokuwa katani ilipoanguka. Kamba za nailoni na plastiki ziliingia, bei ikavunjika, mashamba mengi ya Tanganyika yalikuwa yamekwisha kutaifishwa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na kufika mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi ile iliyotoa tani 230,000 ilikuwa inatoa kama 20,000. Katika hali hiyo nani atakumbuka kulipa mtu apalilie mkonge nambari fulani ambao hauna soko, kwa kuwa huenda siku moja utafaa? Mlingano bado upo, ndicho kituo cha mkonge cha Tanzania hadi leo, na siku hizi wanaotesha miche katika chupa, maelfu kwa mara moja, maana katani imepata uhai tena na wakulima wanalilia miche. Ni kazi nzuri. Ila mtu asije akadhani chupa inaleta damu mpya. Chupa humrudia mama yule yule, kwa haraka zaidi.

Wenye asili yao nao hawakusalimika. Wamaya wa Yucatán walikuwa na mkonge wao, ndugu wa karibu wa huu wetu, uitwao henequen. Kwa lugha yao mkonge ni ki, na walikuwa na wa kila kazi, kila mmoja na jina lake: sac ki, yaani mweupe, yaax ki, yaani kijani, kitam ki, yaani mkonge wa nguruwe mwitu, nasi tutamsamehe mwenye kuutaja hivyo. Katika karne ya 19 ziliandikwa namna saba. Kisha mashine za kuvuna ngano za Marekani zikataka kamba ya kufungia miganda, matajiri wa Mérida wakataka namna moja tu yenye faida, sac ki, na zilizobaki zikaachwa. Watafiti walipokwenda vijijini mwishoni mwa karne ya 20 kuzitafuta zile saba, walizipata tatu, na hiyo ya nguruwe mwitu kwa shida, katika nyua za watu wachache. Lau si wazee hao waliokuwa wakaidi, hata hizo tatu zisingeonekana.

Niliporudi Takaungu nilikwenda moja kwa moja kwa yule mzee wa korona. Nilimkuta amekaa kwenye kitanda chake cha kamba, anaparura tasbihi. Nikamweleza yote, habari za Hindorf na Amani na Uchina. Alisikiliza vizuri. Nilipofika kwenye singa akanikatiza, akanambia kwamba katika jani zima la mkonge korona hutoa singa kama ratili nne tu katika ratili mia, zilizobaki ni maji na makapi. "Yale makapi tulikuwa tukiyatupa bondeni," akasema, "yakinuka hata Takaungu." Nikamwambia kwamba Hale, huko Tanga, tangu mwaka 2008 wameyatia makapi hayo katika matangi, yakatoa gesi, na gesi ikawasha umeme. Akatikisa kichwa. "Sisi tulikuwa tukinusa umeme, hatujui."

Kisha nikamuuliza juu ya mkonge wa bibi. Nilimwambia ukweli, kwamba nimekwisha soma: mkonge wa bibi na mkonge wa shamba ni wa ukoo wa mbali sana, hawawezi kuoana, na kwa hivyo ule wa bibi hautaweza kuuponya huu wa shamba. Mzee akasema, "Nani alikwambia uuponye? Ule ulikuwa na kazi zake."

Nikaanza kuutafuta. Nilidhani ni jambo la siku moja. Niliwatuma vijana wa madrasa wakaniletea mishubiri, wakaniletea mananasi mwitu, mmoja akaniletea ua la chungu lililonunuliwa Mombasa, lina ukingo wa manjano. Hilo la chungu kweli ni la jamaa hiyo, watu hulipanga sebuleni kwa pambo na hawajui kwamba singa zake husokotwa, lakini si lile la bibi. Nyuma ya majiko yote niliyopita palikuwa na saruji. Akina mama wa umri wangu waliukumbuka. Akina mama wa umri wa binti zangu hawakupata kulisikia jambo hilo, nao wanafungia kuni kamba za plastiki ambazo zikikatika huzagaa uani miaka kumi.

Mwisho tuliupata makaburini, kwenye kona ya ukuta wa mawe uliobomoka, chini ya mkwaju. Kichaka kidogo, majani kumi na moja, yamejaa vumbi, yana mistari ile ile ya chatu. Nilimwomba ruhusa msimamizi wa makaburi, akaniambia nichukue jani moja nisichimbe. Mzee akanifundisha: likate jani vipande vya urefu wa shubiri, viache kivulini siku mbili vikauke jeraha, kisha vichomeke mchangani, na uangalie sana upande wa chini uwe chini kama ulivyokuwa, maana kipande kilichopinduliwa hakioti.

Nilikata vipande vinne, nikavichomeka kando ya tangi. Sasa ni mwezi wa tatu. Vitatu vimesimama, na kimoja kimetoa ncha ya kijani ubavuni, ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Cha nne kimeoza. Nilikipindua.